Jirani Asiyebisha Hodi

Mazungumzo yetu ya leo yanamhusu jirani mmoja ambaye hamjui mjumbe wa nyumba kumi. Halipi kodi ya pango, hachangii ulinzi shirikishi, na msibani hajawahi kuonekana. Lakini yupo. Pengine yupo juu ya dari lako sasa hivi. Namzungumzia mnyama wa porini anayeishi kando ya nyumba zetu.

Tukisikia neno wanyamapori, mawazo yetu hukimbilia Serengeti, Ngorongoro na Maasai Mara. Tunaona tembo, tunaona twiga, tunaona gari la watalii lililofunuliwa paa. Tumezoea kuamini kwamba wanyama wako huko na sisi tuko huku, na katikati pana geti na mtu wa kukata tiketi. Wanyama wenyewe hawajapewa taarifa hiyo. Komba wako Dar es Salaam, kwenye miembe ya mitaa ya zamani. Tumbili wanatembea juu ya kuta za Mombasa. Wale korongo wakubwa wenye upara, ambao Waganda huwaita kaloli, wanajenga viota juu ya miti ya Kampala na Nairobi, huku magari yanapiga honi chini yao. Nguchiro, kanu, fungo, kalunguyeye, kenge, popo na bundi, wote hawa wanaweza kupita uani kwako usiku mmoja, na asubuhi ukafagia nyayo zao bila kujua.

Nina jambo moja tu la kusema leo. Jirani huyu tunamhukumu kabla hatujamtazama. Tunamuua kwa uvumi, tunamwogopa kwa hadithi, au tunamlisha kwa huruma isiyo na hesabu. Waliofanikiwa kuishi naye ni wale waliokaa chini kwanza, wakamtazama. Wahenga walisema macho hayana pazia, basi tuyatumie.

Tuanze na komba, maana huyu wengi tunaijua sauti yake kuliko sura yake. Usiku umekolea, unasikia kilio juu ya mti, kilio cha mtoto mchanga kabisa. Mama anafunga dirisha. Baba anasema hayo ni mambo ya watu. Watoto wanajifunika shuka gubigubi. Kesho yake habari imeshakua: alilia juzi, na leo mzee wa nyumba ya tatu anaumwa.

Sasa fanya hivi. Tafuta mwembe au mzambarau wenye matunda yaliyoiva. Kaa barazani baada ya Magharibi, zima taa ya nje, na kama una tochi ifunge karatasi nyekundu, kwa sababu mwanga mweupe humuumiza macho na kumfukuza. Tulia. Kitu cha kwanza utakachokiona ni macho: mawili, makubwa, mekundu, yanasogea tawini, yanazimika ghafla, kisha yanawaka tena hatua kadhaa mbele. Yalizimika kwa sababu aligeuza kichwa. Subiri akaribie. Utashangaa kuona mwili wake ni mdogo, hawa wa pwani wengi wao hawafikishi hata kilo moja. Kinachomkuza ni mkia wake mnene wenye manyoya mengi. Masikio yake hayatulii: moja linajikunja, jingine linafunguka, yanatafuta mdudu anayetambaa kwenye gome.

Halafu atafanya jambo ambalo mara ya kwanza utadhani umeona vibaya. Atakojolea kiganja chake, atakisugua kwenye unyayo, kisha atafanya vivyo hivyo upande wa pili. Kila atakapokanyaga ataacha harufu yake, na komba mwenzake atakayepita hapo atajua mti huu una mwenyewe. Akimaliza, anaruka. Hajipimi mara mbili. Anajikunja juu ya miguu ya nyuma, anafyatuka, na wewe unasikia majani ya mti wa pili yakitikisika wakati macho yako bado yako kwenye mti wa kwanza. Ukibahatika utamwona mama mwenye mtoto. Mtoto akiwa mchanga humbeba kwa mdomo, humwegesha kwenye tawi, huenda kutafuta riziki, kisha humrudia. Na kile kilio kilichofunga madirisha ya mtaa mzima ni komba wanaoitana na kukumbushana mipaka. Hakuna zaidi ya hapo. Wagema wa pwani wana malalamiko mengine juu yake, kwamba huwatangulia mnazini na kunywa tembo kibuyuni, ndiyo maana mlevi wa kupindukia tunasema amelewa kama komba. Kesi hiyo ni ya haki. Ile ya uchawi haina shahidi.

Bundi ana kesi nzito kuliko ya komba. Akitua juu ya paa akalia, tayari kuna atakayekufa, na watoto wanatafuta manati. Msikilizaji, kabla ya manati, nenda asubuhi mahali bundi anapolala mchana: kwenye gofu, juu ya dari la darasa, ndani ya mnara wa kanisa au ghala la mahindi. Tazama chini. Utakuta vidonge vya rangi nyeusi au kijivu, vinene kiasi cha kidole gumba. Hicho si kinyesi. Bundi humeza panya mzima mzima, na tumbo lake hupanga: nyama inakwenda chini, mifupa na manyoya vinarudi juu, anavitema. Chukua kidonge kimoja kwa vijiti, kiloweshe kwenye bakuli la maji, kifumue taratibu. Manyoya yataelea. Yatabaki mataya madogo, mbavu nyembamba, meno ya mbele yenye rangi ya chungwa, na mara nyingi fuvu zaidi ya moja. Hesabu mafuvu hayo. Kila moja ni panya aliyekuwa akiuzunguka mtaa wako, na huenda gunia lako la mahindi lilikuwa kwenye ratiba yake.

Mwalimu wa sayansi anayenisikiliza, hapo una somo la wiki nzima na halikugharimu shilingi. Wanafunzi wako wakishahesabu mafuvu hayo kwa mikono yao, hakuna tena wa kuwaambia bundi analeta kifo nyumbani. Wataona kwamba kifo alichokileta ni cha panya. Na nyongeza ndogo hapo: sumu ya panya tunayoitawanya ovyo mara nyingi haimuui panya papo hapo. Panya aliyeila hutembea akiyumba kwa muda, na mwenye kuyumba ndiye rahisi kukamatwa. Bundi akimla, sumu inahamia kwake. Paka wako naye hali kadhalika. Tunamuua mwindaji, panya wanaobaki wanazaana, halafu tunarudi dukani kununua sumu nyingine.

Najua kuna msikilizaji wa Kitengela au Ongata Rongai, kusini mwa Nairobi, anayenong'ona: wewe unatuambia habari za komba na bundi, njoo kwangu uone simba. Sawa, twende huko.

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 117, na imepakana na jiji kiasi kwamba picha ya kifaru inatoka na maghorofa nyuma yake. Ina uzio pande tatu, upande wa kusini uko wazi. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia hutawanyika kuelekea nyanda za kusini kutafuta majani mapya, na simba huwafuata. Zamani nyanda hizo zilikuwa malisho matupu. Leo kuna nyumba, viwanda, barabara na viwanja vilivyozungushiwa waya. Simba anayetoka hifadhini anajikuta kwenye boma la mtu. Mwaka 2012 wananchi wa Kitengela waliwaua simba 6 baada ya mifugo yao kuliwa. Mwaka 2016 simba dume aliyeitwa Mohawk alizingirwa na umati huko Isinya, akamjeruhi mtu, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi akafa.

Katikati ya vita hiyo alikuwapo kijana wa Kimaasai, Richard Turere, ambaye familia yake inaishi ukingoni mwa hifadhi hiyo upande wa kusini. Alikuwa na umri wa kama miaka 11 tu, na kazi yake ilikuwa kulinda ng'ombe wa baba yake. Alijaribu moto. Ukawasaidia simba kuona boma vizuri zaidi. Akajaribu sanamu la mtu. Usiku wa kwanza simba walirudi nyuma, usiku uliofuata wakagundua kwamba mtu huyu hasogei, wakaingia. Usiku mmoja alipokuwa akizunguka boma na tochi mkononi, simba hawakuja. Hapo ndipo alipong'amua: kinachowatisha ni mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya jua, kifaa cha indiketa cha pikipiki na balbu za tochi mbovu, akazifunga kuzunguka boma ziwe zinawaka na kuzima kwa zamu, kana kwamba kuna mtu anayezunguka usiku kucha. Naye akaenda kulala. Mwaka 2013 alisimama Marekani, kwenye jukwaa la TED, akaueleza ulimwengu alichokifanya, na taa za namna yake zimeshafungwa kwenye maboma mengi.

Sikiliza vizuri mfuatano wa mambo hayo. Taa zilitanguliwa na mtoto aliyekesha akiwatazama simba mpaka akajua wanaogopa nini. Angeishia kuwachukia tu, leo tungekuwa na mkuki mmoja zaidi na simba mmoja pungufu, na ng'ombe wangeendelea kuliwa.

Sasa tutoke Afrika kidogo, maana wenzetu wanaotusikiliza kwa njia ya intaneti kutoka London na Chicago nao wana majirani wao.

Mbweha mwekundu alianza kuzoea vitongoji vya miji ya Uingereza kati ya vita viwili vya dunia, nyumba zenye bustani zilipojengwa kwa wingi kuzunguka miji. Leo Mtanzania au Mkenya anayerudi kutoka zamu ya usiku jijini London hakosi kukutana naye pembeni ya mapipa ya taka, ametulia, hana wasiwasi. Mwaka 2011 mbweha mmoja alikutwa kwenye ghorofa ya 72 ya jengo la Shard, ambalo lilikuwa bado linajengwa. Alipanda ngazi mwenyewe, akawa anaishi kwa makombo ya mafundi. Walimkamata, wakampima, wakamrudisha mtaani.

Marekani wana koyote, jamaa wa karibu wa mbweha tunaowajua kwenye mbuga zetu. Mwaka 2007 koyote aliingia kwenye duka la sandwichi katikati ya Chicago mchana, akajilaza kwenye jokofu la vinywaji lililokuwa wazi, akatulia humo hadi watu wa mamlaka ya wanyama walipokuja. Vichekesho, lakini miji mingi ya huko ilikuwa na hofu ya kweli: wanakula paka wetu, kesho watakula watoto.

Kuanzia mwaka 2000, watafiti wakiongozwa na Stanley Gehrt wa Chuo Kikuu cha Ohio State waliamua kuwatazama. Waliwafunga kola za redio, wakawafuatilia usiku ndani ya kaunti ya Cook, ambamo Chicago imo. Waliokota vinyesi vyao zaidi ya 1,400, wakavichambua kimoja kimoja kujua walichokula. Asilimia 42 vilikuwa na mabaki ya panya na wanyama wadogo wa jamii hiyo. Asilimia 23 vilikuwa na matunda. Kulikuwa na swala wa huko, kulikuwa na sungura. Takataka za watu? Kama asilimia 2 tu. Paka? Asilimia moja na kidogo. Aliyekuwa akiitwa jambazi wa mtaa, kumbe kazi yake kubwa ni ile ile ya bundi wetu. Na wengi wao waliishi miaka ndani ya jiji bila jirani yeyote kujua wapo, wakivuka barabara usiku na kuwakwepa watu.

Lakini watafiti waliona na upande wa pili. Koyote anayemsogelea mtu, anayefuata mtoto, anayengoja mlangoni, mara nyingi ukichunguza historia yake utakuta kuna mtu aliyekuwa akimrushia chakula. Na hapa ndipo hadithi ya huko inapokutana na ya kwetu, kwa sababu kosa hili sisi tunalifanya kila siku tena kwa furaha.

Nenda Diani, kusini mwa Mombasa. Pale kuna aina nne za jamii ya nyani zinazoishi kati ya hoteli na nyumba: mbega, kima, tumbili na nyani wenyewe. Mbega mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani hakupi shida. Anakula majani, tumbo lake limeumbwa kwa majani, na mkate wako haumhusu. Shida yake yeye ni barabara na nyaya za umeme, kwa sababu miti imekatwa na hana njia ya juu ya kupita. Ndiyo maana shirika la Colobus Conservation, lililoanza mwaka 1997, limekuwa likitundika ngazi za kamba juu ya barabara ya Diani, kutoka mti wa upande huu hadi mti wa upande wa pili, na mbega wanazitumia. Ni nani aliyejua zipitishwe wapi? Ni waliokaa kando ya barabara wakatazama mbega wanavukia wapi.

Tumbili na kima ni habari nyingine. Mgeni anampa tumbili ndizi, anapiga picha, anaondoka zake kwao. Tumbili anabaki na somo: mtu ana ndizi, na ndizi hutoka mkononi. Kesho anakuja tena. Keshokutwa haombi, ananyang'anya. Wiki inayofuata anamng'ata mtoto aliyeshika andazi. Mazoea hujenga tabia, na tabia hiyo tumeijenga sisi. Mwisho wake anaitwa msumbufu, anategwa, anapigwa. Aliyemlisha hayupo, na anayelipa ni tumbili na mtoto aliyeng'atwa. Mchuma janga hula na wa kwao, ila hapa wanaolila ni wengine kabisa.

Utaniuliza: mbona Harar, kule Ethiopia, watu huwalisha fisi kila usiku na mji umesimama? Ni kweli. Kuta za mji ule mkongwe zina matundu ambayo fisi hupita usiku kuingia kula mabaki, na nje ya kuta kuna watu wanaowalisha nyama kwa mkono mbele ya wageni. Lakini tazama namna wanavyofanya. Kuna mahali maalumu, kuna saa maalumu, kuna watu wanaowajua fisi wao mmoja mmoja na kurithishana kazi hiyo. Mji mzima umekubaliana juu ya jambo hilo kwa vizazi. Hailingani na wewe kurusha utumbo wa kuku nyuma ya nyumba Dodoma kwa sababu umesikia mbweha analia.

Na kuna kulisha kwingine ambako hatukuhesabu kuwa ni kulisha: jalala. Wapo watu hawajawahi kumpa mnyama hata punje ya wali kwa mkono, lakini pipa lao halina kifuniko. Mfano wetu mkubwa ni kunguru. Wale kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, wanaopora mkate mezani na kuchukua vifaranga, si wenyeji wa pwani yetu. Asili yao ni India. Waliletwa Unguja katika miaka ya 1890, na kazi waliyoletewa ilikuwa kula taka za mji. Wakaikubali kazi kwa moyo wote. Unguja haikuwatosha, wakavukia bara, leo wako Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Malindi. Wanavunja mayai na kula makinda ya ndege wadogo, na mitaa iliyokuwa na shore na chozi wengi imebaki na kelele za kunguru. Zanzibar iliwatega na kuwawekea sumu. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Hata wakiuawa wengi, ndugu zangu, kunguru hafuati ramani, hufuata taka. Mji unaomwaga taka wazi unawaandikia barua ya mwaliko kila asubuhi. Miaka zaidi ya mia moja iliyopita mtu alidhani ndege atamfanyia kazi ya kuzoa taka, na sisi bado tunadhani hivyo hivyo.

Nisikuache na masimulizi ya ugomvi peke yake. Twende Pemba. Kisiwa kile kina popo wake, mkubwa mwenye manyoya ya rangi ya kahawia, mabawa yakitanuka yanapita mita moja na nusu, na hapatikani mahali pengine popote duniani. Anakula matunda na kutawanya mbegu za miti ya msituni. Miti ikakatwa, bunduki zikaingia, popo wakawa kitoweo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki maelfu machache tu, na wanasayansi walihofia kuwa wako ukingoni kutoweka. Baadhi ya vijiji vikaamua kuyalinda malalo ya popo. Huko Kidike, karibu na Chake Chake, wanakijiji walijiunga wakaunda klabu, wakazuia uwindaji, wakaweka mahali pa kutazamia, na mgeni anayekuja kuwaona analipa kiingilio kinachobaki kijijini. Uwindaji ulipopungua, popo waliongezeka, na hesabu za baadaye zilipita 20,000. Popo wale wananing'inia juu ya miti ya kijiji mchana kutwa, wanapepea mabawa kujipoza joto, wanagombea matawi kwa makelele. Watoto wa hapo wanakua wakiwatazama. Kijiji kilichokuwa kikimtazama popo kama mboga sasa kinamtazama kama mali, na ni popo yule yule.

Sasa msikilizaji, tufunge na mambo ya kufanya, maana mazungumzo bila kazi ni kupoteza betri.

Kutazama hakuhitaji darubini wala fedha. Kunahitaji nyakati mbili za siku: alfajiri kabla jua halijawaka, na jioni giza linapoingia. Kaa mahali pamoja, usivae nguo za kung'aa, zima simu. Weka daftari. Andika tarehe, saa, mnyama, alikuwa akifanya nini. Usipomjua jina, andika sura yake: mkia, masikio, madoa, mwendo. Mwaga mchanga laini kwenye njia ya uani jioni, asubuhi utasoma nyayo. Kanu ana vidole kama paka na hufuata ukuta. Nguchiro huacha alama za makucha. Baada ya muda utajua ratiba ya mtaa wako wa pili, ule unaoamka wewe unapolala.

Kaa mbali. Mnyama akibadilisha anachofanya kwa sababu yako, umeshamkaribia mno. Usimkamate mtoto wa mnyama ukidhani ametupwa. Kumbuka mama komba: alimwegesha tu, anarudi. Na kwa wale wakubwa, simba, chui, fisi, kiboko, usijifanye mtazamaji. Ingia ndani, funga mlango, waite maofisa wa wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2013 zinamlinda mnyama hata akiwa nje ya hifadhi, na zinakupa na wewe njia ya kudai ukipata hasara. Tanzania malipo hayo huitwa kifuta jasho na kifuta machozi. Hakitoshi, na mara nyingi kinachelewa, lakini bila taarifa yako hakitakuja kabisa.

Kuna hatari moja ambayo sitaki kuipunguza, nayo ni kichaa cha mbwa. Mbweha, nguchiro au mnyama yeyote wa porini anayekufuata mchana kweupe bila woga, anayeyumba, anayetokwa na mate, mchukulie kuwa ni mgonjwa. Usimguse, hata akifa. Uking'atwa au ukikwaruzwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe chanjo. Usingoje dalili, kwa sababu dalili zikishaanza hakuna dawa ya kuokoa maisha. Lakini ujue pia kwamba Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa wa nyumbani. Kwa hiyo mnyama wa kwanza wa kumtazama kwa jicho kali ni yule uliyempa jina na kumfunga mnyororo. Je, amechanjwa?

Basi wiki hii nakuomba mambo manne. Funika pipa la taka. Mpeleke mbwa wako akachanjwe. Acha mti mmoja mkubwa uwanjani kwako, usiukate kwa sababu unadondosha majani. Na usiku ukisikia kitu kinatembea juu ya bati, usianze na jiwe wala na dua ya kufukuza wachawi. Chukua tochi, waite watoto, mtoke barazani mkamtazame.